Ng'ambo ya Mama Nekesa

Mwaka ule kilichoninyima usingizi kilikuwa swali dogo ambalo ningeona haya kumwambia mtu: Mama Nekesa aliposema "ng'ambo", alikuwa amesimama upande gani wa mtaro? Nikilalia ubavu wa kushoto nilimwona sebuleni, kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma. Nikigeukia kulia nilimwona jikoni, ameinamia sufuria. Kati ya sebule na jiko palikuwa na hatua kumi na moja na ubao mmoja wa kuvukia, na mahali fulani juu ya ubao huo nchi moja ilikuwa inakwisha na nyingine inaanza.

Nimelikumbuka swali hilo kwa sababu mwezi uliopita Nekesa, binti yake, aliniandikia kwenye simu: "Mama ametuacha. Mazishi Jumamosi, ng'ambo." Nilisoma mara tatu, kama ninavyosoma kila kitu, barua ya kazi au bei ya sabuni, kisha nikampigia. Nilimpa pole, kisha nikashindwa kujizuia. "Dada, nisamehe. Ng'ambo ipi?" Akacheka kicheko chenye machozi. "Athieno, wewe hujabadilika. Mimi niliolewa Kenya huku. Ng'ambo kwangu ni Uganda, Dabani. Tunampeleka kwao." Nilipokata simu nilitazama saa. Swali lile lilikuwa limenichukua chini ya dakika moja. Mwaka ule, nikiwa na miaka ishirini na minne na shahada niliyoifunga kwenye nailoni mbili isiingie maji, lilinichukua miezi.

Mtaa wenyewe uliitwa Mtaroni, upande wa Uganda wa Busia, kwa sababu ya mtaro wa maji ya mvua ambao kila mtu aliuchukulia kuwa ndio mpaka. Nilihamia kwa Mama Nekesa mwezi wa pili. Chumba changu kilikuwa cha nyuma, chenye dirisha moja la mbao lililotazama ule ubao, na kuta zake hazikufika kwenye mabati, kwa hiyo maneno ya nyumba nzima yalipita juu ya kichwa changu. Kulikuwa na Kisamia upande mmoja na Kiteso upande mwingine, na asubuhi wanawake wa kutoka Paya walipita na mafurushi ya mitumba wakizungumza Kidhopadhola, lugha yangu, bila kujua kwamba nyuma ya dirisha kuna mtu anayewaelewa. Mwanzoni nilidhani ni kelele. Baada ya mwezi nilijua kwamba watu wa Mtaroni walitongozana kwa Kiswahili, walitukanana kwa lugha za mama zao, na walidanganya maofisa kwa Kiingereza.

Mama Nekesa alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, asiyejua kusoma na asiyesahau kitu. Ndiye aliyenipa historia ya mtaa, kidogo kidogo, akinipakulia chakula. "Hapa kulikuwa nyasi tu na lori," aliniambia. "Lori nangoja karatasi siku tatu, siku tano. Dereva nasikia njaa. Mimi nakuja na sufuria ya samaki. Akaja Mteso na atapa yake, ugali ya mtama. Akaja Mjaluo, akaja Mnubi na chai ya tangawizi. Kila dereva natafuta sufuria ya kwao." Kwa maelezo yake, Mtaroni haikupangwa na serikali yoyote, ilianzishwa na njaa ya madereva. Kila sufuria ilipata kibanda, kibanda kikapata chumba, chumba kikapata mpangaji. Halafu likajengwa lango jipya la mpaka, lori zikaacha kulala, na sufuria zikaondoka moja moja. Nilipofika mimi palikuwa na saluni tatu, maduka ya kutengeneza simu, vyumba vya wahitimu wasio na kazi, na sufuria moja tu ya zamani, ya kwake.

Jiko lake lilikuwa ng'ambo ya mtaro. Zamani mtaro ulipita nyuma yake, lakini mvua kubwa iliuhamisha, watu wakauchimba hapo ulipohamia, na jiko likajikuta Kenya bila kusogea hata shubiri. Hakuna aliyejali. Barazani alikaa fundi cherehani mmoja, Okoth, Mkenya aliyevuka kila asubuhi na kurudi kwao jioni, na mzaha wake haukuisha. "Jogoo wa huyu mama analala Uganda, anawika Kenya," alisema. "Siku moja atashikwa, aulizwe pasi." Mama Nekesa naye alimjibu, "Wewe shona. Wewe hata mke wako hajui uko nchi gani." Simu yangu ndiyo pekee iliyojali. Kila nilipovuka ubao kufuata sahani, ilitetemeka mfukoni: Karibu Kenya. Niliporudi nayo: Karibu nyumbani. Nilizifuta wiki ya kwanza, kisha nikachoka, zikarundikana.

Kazi niliyoipata ilikuwa ya muda, ukarani wa kuandikisha kaya. Kulikuwa na mradi wa barabara na uzio kandokando ya mpaka, na kila nyumba iliyokuwa karibu na mtaro ingeondolewa. Wenye nyumba waliozaliwa upande wetu wangepewa kiwanja nyuma ya soko. Waliozaliwa upande wa pili wangepewa notisi, basi. Msimamizi wetu, Bwana Kato, aliyetoka mbali na mpaka na kuzungumza Kiswahili kwa taabu, aliniambia kwamba nikifanya vizuri nitabaki ofisini kwao Tororo, kazi ya kudumu. Niliyaamini maneno hayo kiasi kwamba nilianza kuyaogopa. Kila jioni nilipitia fomu mara tatu nikitafuta kosa, nikalala nikiota kosa nisiloliona.

Nyumba ya Mama Nekesa niliiacha mwisho kwa sababu niliona ni rahisi. Tulianzia sebuleni: jina, umri wa kukadiria, vyumba vingapi. Katikati akanusa hewa. "Kunde yangu naungua," akasema, akatoka, nami nikamfuata na fomu kifuani, nikiuliza huku nakimbia kama mtu anayefukuza kuku. "Mama, ulizaliwa wapi?" "Ng'ambo pale," akasema, akinipa mgongo. Nikaandika Kenya. Nilikuwa mtu wa Uganda, naishi Uganda, nafanya kazi ya Uganda; ng'ambo ilikuwa nini kingine? Alipoipua kunde aliupangusa mkono kwenye leso, nikaushika, nikalichovya dole gumba lake kwenye wino wa zambarau na kuligandamiza chini ya majibu yote. "Haya, kalani," akasema, akilitazama dole lake. "Sasa mimi nasoma kama wewe."

Niligundua kwa chumvi. Mvua kubwa zilikuwa zimekwisha, nimekaa jikoni namsaidia kuchambua mukene, wale dagaa wa ziwani, akaniambia, "Kalani, nenda ng'ambo uniletee chumvi." Nikainuka, nikaelekea kwenye maduka ya Kenya. Akanipigia kelele huku akicheka. "Unaenda wapi? Ng'ambo, kwa nyumba. Iko kwa kabati." Okoth alicheka mpaka akasimamisha cherehani. "Msomi amepotea hatua kumi, bana." Nilicheka pia. Nilivuka ubao, simu ikatetemeka mfukoni, nikafungua kabati, nikaishika ile chumvi, na hapo nikasimama nayo mbele ya kabati. Ukisimama jikoni, ng'ambo ni Uganda.

Mtu mwingine angerudi na chumvi na kuuliza. Mimi nilirudi na chumvi na kukaa kimya. Nilijiambia kwamba huenda alijibu tukiwa bado sebuleni, na kama ni sebuleni basi ng'ambo ni Kenya na fomu iko sawa. Nilijiambia kwamba aliwahi kutaja shangazi wa Kenya. Nilipima zile hatua asubuhi, mchana, na sufuria mkononi, bila sufuria. Nilikagua nakala zote nyingine zenye neno hilo; wote walijibu wakiwa vibarazani kwao, upande huu, nikakumbuka hata viti walivyokalia. Fomu moja tu ilinikimbia. Leo naona wazi kwamba nilikuwa nafanya kila kitu isipokuwa kuuliza. Nisipouliza, kosa lilikuwa bado halijazaliwa.

Jibu lilikuwa mfukoni mwangu muda wote. Siku moja, nikingoja chakula, niliona zile salamu za mtandao zimerundikana, nikapata wazo lililonitia baridi. Fomu ilidai saa mwanzoni mwa kila ukurasa, na swali la kuzaliwa lilifungua ukurasa wa pili. Nikachukua nakala. Kwa mkono wangu: saa nne na dakika arobaini. Nikarudi nyuma kwenye simu mpaka siku ile. Karibu Kenya, saa nne na dakika thelathini na nane. Nilikuwa jikoni tayari. Alikuwa jikoni tayari. Ng'ambo pale, nyuma ya mgongo wangu, ilikuwa nchi niliyomnyima.

Wiki ile ile walikuja watu wa kupaka rangi. Walitembea wawili wawili na ndoo na brashi, hawakusalimia, na kila nyumba iliyoandikwa kuwa ya mtu wa ng'ambo waliitia msalaba mwekundu kando ya mlango. Mtaa uliokuwa na kelele ukajifunza kunong'ona. Wanawake wa Paya waliacha kupita. Mnubi wa chai, aliyeacha kuuza lakini hakuhama, aliyeishi pale kabla ya saluni zote, alikaa mbele ya msalaba wake akiufunika kwa mgongo, kana kwamba akiondoka watu watauona. Watu walioitana kwa jina la chakula sasa waliitana kwa jina la nchi. Juu ya ukuta wangu nilisikia mwanamume akisema, "Kalani ndiye alituandika. Analala humu humu." Nikaanza kulifunga dirisha mchana. Nikijua msalaba wa Mama Nekesa unakuja, nilisikiliza ndoo. Mpaka leo nikisikia mlio wa mpini wa ndoo nageuka kuutazama mlango.

Walipofika kwake alikuwa kwenye mlango na mwiko mkononi. "Hii makosa," aliwaambia. "Mimi mtu wa hapa." Wakamwonyesha karatasi. "Dole hili ni lako, mama?" Akalitazama. Alikuwa hajui kusoma, lakini dole lake alilijua. Waliondoka, rangi ikachuruzika mpaka kwenye kizingiti.

Hapo ndipo nilipouliza. Nilimfuata jikoni, simu ikatetemeka, nikauliza kwa sauti iliyonitoka kama ya mtu mgonjwa, "Mama, ulizaliwa wapi?"

"Dabani," akasema. "Si nilikuambia? Ng'ambo pale." Akanyoosha mwiko kuelekea nyumbani kwake, kuelekea Uganda. Mwiko ukabaki hewani. Akanitazama, na nikaona anavyoelewa, polepole, kama mtu anayesomewa barua. "Wewe uliniandika wapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia yote, chumvi, hatua, ukurasa wa pili, salamu za simu. Nilieleza sana, maana nikiogopa huwa naeleza. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye kigoda chake na kuugeuza mkono akitazama dole gumba. "Umenifukuza na kidole yangu mwenyewe," akasema. "Mimi sikujua kidole yangu naongea uongo." Kitambulisho chake cha taifa kilikuwa kimekwama miaka kwa sababu jina liliandikwa vibaya. Alikuwa na cheti cha ubatizo kwenye sanduku la bati, kimeandikwa Dabani, lakini cheti kikisema hivi na dole likisema vile, wangeona ni mwongo tu. Siku ile hakunipakulia. Sahani yangu ilibaki kwenye kichanja imegeuzwa chini, na siku ya pili pia. Nilinunua chapati barabarani na kuila chumbani kwa aibu kama mwizi.

Nilimwendea Bwana Kato. "Fomu imekwenda," akasema. "Wewe nataka mimi kurudisha? Namna gani? Karani, wewe nasoma sana mpaka akili nachoka." Nilisisitiza. Akashusha pumzi, akanieleza kwa upole ulionitisha zaidi: dole likishawekwa, linaweza kutenguliwa na barua ya aliyeandika peke yake, kwa jina lake na sahihi yake, ipelekwe Tororo kabla orodha haijafungwa Ijumaa. "Lakini barua kama hiyo nakaa kwa faili yako. Kazi ya kudumu, hapo ndiyo nakwisha." Akadhani nimekata tamaa. "Kama iko na sababu nzuri," akaongeza, "labda watasikia."

Sababu nzuri nilikuwa nayo. Niliandika barua ile jioni, kurasa tatu. Nilieleza neno ng'ambo, kwamba maana yake iko kwenye miguu ya anayelisema. Nilieleza ubao na mtaro. Niliweka saa ya fomu na saa ya simu. Ilikuwa barua bora kuliko tasnifu yangu, na ukiisoma ungeona kwamba karani hakuwa mzembe, lugha ndiyo iliyomtega. Nikaipeleka jikoni nikamsomea Mama Nekesa, nikitumaini sahani yangu itageuzwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hapo unasema jikoni yangu iko Kenya," akasema.

"Ndiyo, Mama. Ndipo ilipo. Ndiyo sababu nilikosea."

"Na wao wakisoma hivyo, watasema nini? Watasema, huyu mama nyumba yake iko nusu. Apewe kiwanja nusu, ama asipewe. Watasema, nenda ukalale jikoni." Alizungumza bila hasira sasa, na hilo lilinitisha kuliko msalaba. "Mwanangu, hiyo barua naokoa wewe. Mimi je?"

Okoth, aliyekuwa anakunja cherehani yake arudi kwao, alisimama mlangoni. Mara hii hakutania. "Madam, mimi kwa cherehani nikikosea nguo ya mtu, simwambii habari ya sindano," akasema. "Nafumua."

Nilirudi chumbani. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilifikiri nini, mimi ninayekumbuka viti vya watu, na sikumbuki. Nakumbuka tu woga, ulivyokaa kifuani kama jiwe la kusagia, na kwamba haukuondoka nilipoamua. Nilikuwa nimedhani kuamua ni pale woga unapokwisha. Nilichana kurasa zile tatu, nikachukua karatasi mpya, nikaandika mistari minne. Asubuhi niliwahi Tororo, ule mwamba mkubwa ulio juu ya mji ukiwa bado kwenye ukungu, na bahasha yenye barua na nakala ya cheti cha ubatizo alichonitolea Mama Nekesa nimeishika kwa mikono miwili.

Yaliyofuata naweza kuyasema kwa haraka. Ile kazi ya kudumu sikuipata, wala nyingine kwa muda mrefu, na hata sasa ninapofundisha sekondari kuna siku nangoja mtu afungue faili. Mama Nekesa alipewa kiwanja. Jumamosi ya mazishi, tukitoka Dabani, Nekesa alinipitisha kwenye nyumba ile nyuma ya soko, akanionyesha jiko. Liko ndani, chini ya paa moja na sebule, mlango mmoja kati yake. "Alikataa kabisa lijengwe nje," akasema. Pale Mtaroni pamekuwa barabara pana na uzio, na duka la vioo mahali Okoth alipokaa. Nilisimama nilipodhani ubao ulikuwapo. Simu haikutetemeka, siku hizi sijui mtandao unaishia wapi. Mnubi wa chai hakuna aliyeweza kuniambia alikokwenda. Yeye nilimwandika sawasawa, na usahihi ule unanisumbua kuliko kosa.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni kaunta ya Tororo. Mwanamke aliyepokea barua alikuwa na miwani iliyoning'inia kwa uzi. Alisoma, akageuza karatasi nyuma kuona kama kuna zaidi.

"Unasema mahali pa kuzaliwa ni Dabani, si Kenya, na kwamba ulikosea. Hapa hakuna sababu, mwanangu. Mama huyo alikudanganya?"

"Hapana."

"Ulisikia vibaya?"

"Nilisikia vizuri. Niliandika vibaya."

Akavua miwani. "Hivi wataandika kwamba wewe si makini. Huna kitu chochote cha kujitetea? Karatasi, ujumbe?"

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimeifungua kwenye zile salamu za siku ile, nikiwa njiani, bila kukusudia au kwa kukusudia.

"Sina," nikasema. "Naomba unigongee muhuri. Nakala mbili."

Aliupumulia muhuri, akagonga ya kwanza, akagonga ya pili, akanisogezea yangu. Wino ulikuwa wa zambarau. Niliisoma mara moja tu, nikaikunja, nikatoka nje.